Mjadala usio na kitufe cha kujibu

Ukiwatajia wanaharakati wa Kisumu habari za Polis, swali huwa lile lile: watu watajibizana vipi? Polis ni programu huria iliyoanzia Seattle, Marekani, mwaka 2012. Mtu huandika kauli fupi, wengine wakaiona na kubonyeza nakubali, nakataa au napita. Hakuna pa kumjibu aliyeandika. Programu huwapanga washiriki katika makundi kulingana na kura zao, kisha huchora ramani ya wanapotofautiana na, lililo kubwa zaidi, kauli ambazo makundi yote yamezikubali.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Kwetu mtu hujulikana kwa kusimama na kusema; kumpa vitufe vitatu ni kama kumziba mdomo. Halafu kuna suala la simu. Sensa ya 2019 iliwakuta Wakenya wanaotumia intaneti ni asilimia 22.6 tu ya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Muuza omena wa Dunga mwenye kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti, hayumo. Tangu vijana waliokosoa serikali mtandaoni walipoanza kutekwa mwaka 2024, si kila mtu atakubali kuacha maoni yake kwenye mtambo asiojua unaendeshwa na nani. Na maabara za teknolojia zimetuzoesha miradi ya majaribio inayokufa siku ufadhili unapokauka.

Sawa. Sasa tutazame tulicho nacho. Vifungu vya 118 na 196 vya Katiba vinataka umma ushirikishwe. Katika wadi, hilo hugeuka kuwa ukumbi wa kijamii, tangazo lililotoka juzi, na mkutano wa saa tatu unaoanza saa sita. Foleni ya kutia sahihi kwenye daftari ni ndefu kuliko ya kipaza sauti, kwa sababu daftari ndilo lenye nauli. Wanaosema ni wale wale: mzee wa mtaa, mtu wa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), na mwanaharakati ambaye hotuba yake kila mmoja anaijua kwa moyo. Mama akilalamikia mfereji, sauti inatoka nyuma: wewe ni wa mrengo gani? Anaketi. Karani anaandika kwamba wakazi walijadili kwa kina.

Huyo mama ndiye anayenifanya nikitetee kitufe kisichokuwepo. Aliyemnyamazisha hakuipinga hoja yake. Alimpinga yeye, na kufanya hivyo hakukumgharimu kitu. Kwenye makundi ya Facebook ya Kisumu na Nakuru mambo ni hayo hayo, na tena aliyetukana vizuri ndiye anayepandishwa juu. Palipo na kura peke yake, mwenye domo refu na mwenye haya wana uzito mmoja. Kauli ya mama ingekuwa "Mfereji usafishwe kabla ya mvua za Machi", na asiyeipenda angelazimika ama kuikataa, ama kuandika yake iliyo bora. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo tunalolihitaji.

Nakiri kwamba hoja bora ya upande wa pili imetoka humu humu nchini. Mradi wa Umati wa iHub, kituo cha teknolojia cha Nairobi, uliofuatilia matamshi ya chuki mtandaoni karibu na uchaguzi wa 2013, ulikuta mengi mno Facebook na machache sana Twitter, ambako watumiaji waliwaumbua wachochezi hadharani. Kujibu, basi, kunaweza kuwa dawa. Lakini hiyo ni dawa ya chuki. Kupanga bajeti ni kazi nyingine.

Chukua Oginga Odinga Street. Wenye maduka wanataka wachuuzi waondoke, wachuuzi wanataka kuachwa, watu wa boda wanataka pa kuegesha. Ukumbini hizo ni kambi tatu. Tia kauli kama "Wachuuzi waruhusiwe kuanzia saa kumi na moja jioni" au "Ushuru wa siku ulipwe kwa simu pekee", huenda ukakuta kambi zote zinaafikiana mahali ambapo hakuna aliyepashangilia. Taiwan walijaribu mwaka 2015 kuhusu Uber: watu waliogawanyika vikali walikubaliana kwamba bima ya abiria iwe ya lazima. Ila serikali ya huko haikufungwa na matokeo ya mijadala hiyo, wala ya kwetu haitafungwa.

Ndiyo maana naithamini ramani yenyewe. Oktoba 2024, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Juu ilisema Bunge halilazimiki waziwazi kuandika sababu za kukubali au kukataa mapendekezo ya umma, ingawa ni desturi njema. Ripoti ya karani ni rahisi kuipuuza. Ramani ambayo kila mtu ameiona kabla ya kamati ya bajeti kuketi haipuuziki kirahisi hivyo.

Wa kabambe atafikiwa kwa redio: kauli zisomwe kwa Kiluo na Kiswahili, kura zipigwe kwa SMS ya bure inayolipiwa na kaunti kutoka fungu lile lile la nauli na chai. Gumu zaidi ni nani atakayezichuja kauli kabla hazijapigiwa kura. Asiwe mtu wa mawasiliano wa gavana. Kazi hiyo ningeigawa kati ya karani wa bunge la kaunti na vyama vya wachuuzi na wakazi, na kila kauli iliyokataliwa ibandikwe hadharani, pamoja na sababu yake.