Muvi za Finland: mbona watu hamziangalii?

Watu wengi ukiwatajia muvi ya Finland akili inaenda moja kwa moja kwenye theluji, mzee anavuta sigara dirishani, masaa mawili hakuna kinachotokea, na mi sikatai zipo za hivyo. Ila nchi yenyewe ina watu kama milioni 5 na nusu tu, lugha yao nje ya kwao wanaoijua ni wa kuhesabu, lakini wanatoa za kutisha, za mapigano, za mapenzi, za kuchekesha, na kila upande unakuta kitu cha maana. Na karibu zote zina tabia moja inayonikosha mpaka basi, hawapendi maneno mengi. Hakuna mtu anayesimama mbele ya kamera kukusomea risala ya anavyojisikia moyoni kama tulivyozoea kwenye bongo muvi, we mtazamaji unaachiwa uone mwenyewe.

Chukua Sisu ya Jalmari Helander, ya 2022. Ni mwaka 1944 kule Lapland, kaskazini kabisa, Wajerumani wanaondoka huku wanachoma kila wanachokipita (hii ni historia kweli, mji wa Rovaniemi uliteketea karibu wote), sasa kuna mzee mchimba dhahabu, yeye na farasi wake na mbwa wake, kapata mzigo wa maana, wanajeshi wakaona huyu si ndo wa kumpora. Wamejitafutia. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua steringi hafi, basi huyu Aatami Korpi ndo babu wa masteringi wote, wanamnyonga hafi, wanamfukuza mpaka ndani ya maji anachana koo la askari avute hewa inayotokea humo humo, jamani! Na muda wote huo hafungui mdomo, mpaka mwishoni kabisa ndo anasema maneno mawili matatu. Nikawaza mtafsiri wa muvi pale kibandani angefurahi sana, angemtungia mzee maneno yote anayotaka yeye. Kilichoniudhi ni kimoja, Wajerumani wanaongea Kiingereza! Naelewa ni biashara, ila bado. Sehemu ya pili imetoka 2025, safari hii Korpi kabomoa nyumba yake, mbao zote kapakia kwenye lori anahama nazo huku jeshi la Urusi linamkimbiza, raha ipo, japo ile ya kwanza ndo yenyewe.

Sasa hamia upande mwingine kabisa, Fallen Leaves ya Aki Kaurismäki, iliyochukua Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa 2023. Dakika 81 tu, yani unaimaliza kabla ya umeme kukatika. Ansa yuko supamaketi, anafukuzwa kazi kwa sababu ya chakula kilichopita tarehe ambacho kingetupwa jalalani, Holappa ni fundi wa vyuma mlevi, wanaonana karaoke, namba ya simu inapotea, redio inatangaza vita ya Ukraine kila ikiwashwa. Basi. Waigizaji wanaongea kama wanasoma risiti, na dakika kumi za mwanzo unaweza kudhani hawajui kuigiza, lakini vumilia. Kuna sehemu Ansa amemkaribisha jamaa chakula cha jioni, kumbe nyumbani ana sahani moja tu na uma mmoja, anaenda dukani kununua vya pili. Jamaa anakuja, wanagombana kuhusu pombe, anaondoka, na dada anachukua ile sahani mpya na ule uma anatupa kwenye pipa la taka. Halii wala hapigi simu kwa shoga yake kulalamika. Mi hiyo sahani imenikaa kichwani kuliko mapenzi yote ya kugaragara chini nimeyaona kwenye tamthilia.

Ukitaka za kutisha kuna Hatching ya Hanna Bergholm, 2022, binti analalia yai mpaka linakuwa kubwa ajabu huku mama yake yuko bize kurekodi video za familia yenye furaha aweke mtandaoni, na ukweli yule mama anatisha kuliko kitakachotoka kwenye yai. Compartment No. 6 ya Juho Kuosmanen nayo nzuri, safari ya treni kutoka Moscow kwenda Murmansk, na humo ndo utamkuta yule Mrusi Yura Borisov kabla dunia nzima haijamjua kwa ile muvi ya Anora.

Ila kama una nafasi ya moja tu wiki hii, tafuta The Blind Man Who Did Not Want to See Titanic ya Teemu Nikki, ya 2021. Jaakko ugonjwa umempofusha na kumweka kwenye kiti cha magurudumu, anaamua kusafiri peke yake kwenda kumuona mwanamke wanayefahamiana kwa simu tu. Mwigizaji Petri Poikolainen mwenyewe ana ugonjwa huo huo na haoni kweli, na kamera inaganda usoni kwake, vingine vyote ni ukungu, kwahiyo wahuni wanapomvamia njiani na wewe huoni kitu, unasikia sauti tu. Nilisogea kwenye kiti mwenyewe.

Halafu kuna ya Khadar Ayderus Ahmed, kijana aliyezaliwa Mogadishu akahamia Finland akiwa na miaka 16. The Gravedigger's Wife kairekodi Djibouti, kwa Kisomali, na pesa ya Finland imo ndani. Guled na wenzake wanakaa nje ya hospitali na sepetu zao wakisubiri mtu afe wapate kibarua, huku mke wake mwenyewe anaumwa figo na hela ya operesheni hakuna. Ilichukua tuzo kubwa ya FESPACO, lile tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, 2021, na Somalia wakaipeleka Oscar, filamu yao ya kwanza kabisa kupelekwa huko. Kuna wanaobisha eti hii sio ya Kifini, mi nasema ni ya kote kuwili, na hii ndo ningelipa kiingilio niione kwenye skrini kubwa hapa Dar, niwasikie na watu wa nyuma yangu wanavyoguna wale jamaa wanapotoka mbio na sepetu kuikimbilia gari ya wagonjwa.