Mataji kumi ya Forood: ya kocha au ya chuo?

Mwaka 2000 Frank Brennan aliacha kuifundisha timu ya tenisi ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Stanford, California. Alikuwa ameiachia kabati mataji 10 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, sita kati yake yakiwa ya mfululizo, 1986 hadi 1991. Timu ikakabidhiwa msaidizi wake, Lele Forood, ambaye naye aliwahi kuichezea Stanford miaka ya 1970. Kufikia 2019, Forood alikuwa na 10 yake.

Kumi kwa kumi. Ubishi unaanzia hapo: haya ni mataji ya kocha au ya chuo?

Wanaosema ni ya chuo wana pa kusimamia. Kazi kubwa ya kocha wa chuo haifanyiki uwanjani, ni kusajili: kupiga simu, kusafiri kwenda kutazama mashindano ya vijana, kuketi sebuleni kwa watu na kuwashawishi wazazi. Sasa fikiria unamshawishi mzazi kwa jina la Stanford, na jua la California linaloruhusu mazoezi ya nje karibu mwaka mzima. Nusu ya maneno umeshasemewa. Tazama pia Forood alivyoanza: katika misimu yake sita ya kwanza alichukua mataji matano, 2001, 2002, 2004, 2005 na 2006. Baadhi ya wachezaji wa mwanzo aliwakuta. Hata ule mfululizo maarufu wa kushinda mechi 184 nyumbani bila kupoteza ulianza 1999, Brennan akiwa bado kazini. Mcheza kwao hutunzwa, lakini nyumba yenyewe ilijengwa na mwingine.

(Mwingine, ndiyo, ila msaidizi wake alikuwa huyuhuyu Forood. Mrithi aliyekuwa akibeba matofali si mrithi wa kawaida.)

Halafu jina hilo kubwa lina kamba yake. Kocha wa Stanford hawezi kumchukua binti ambaye ofisi ya udahili imemkataa, hata awe na sevu, ule mpigo wa kuanzisha mpira, ya kuvunja ukuta. Vyuo vingi shindani hujaza vikosi kwa wachezaji kutoka Ulaya, Asia na Amerika Kusini, baadhi wakiwa wameshaonja mashindano ya kulipwa. Zaidi ya nusu ya wanawake wanaocheza tenisi katika daraja la juu la vyuo Marekani ni wageni. Stanford imeendelea kutegemea zaidi Wamarekani.

Ndipo yanapokuja mataji ya 2013, 2016 na 2018, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mjadala wote. Mwaka 2013 Stanford waliingia mashindano wakiwa wa 12 kwa ubora. Mwaka 2016 na 2018 waliingia wakiwa wa 15. Fainali zote tatu waliishinda timu ya upande wa pili 4-3: Texas A&M, kisha Oklahoma State mjini Tulsa, yaani ndani ya jimbo la wapinzani wenyewe, kisha Vanderbilt.

Ili kuona uzito wa 4-3, sharti ujue mechi ya chuo inavyokwenda. Kwanza michezo mitatu ya wawili wawili, yote mitatu ikizaa pointi moja tu. Halafu michezo sita ya mmoja mmoja, kila mmoja pointi yake, na yote inachezwa kwa wakati mmoja kwenye viwanja sita vilivyopangana. Timu ya kwanza kufika nne ndiyo mshindi. Tofauti na tenisi ya kulipwa ilivyokuwa kwa miaka mingi, hapa kocha ana ruhusa ya kuzungumza na mchezaji mechi ikiendelea. Wachezaji wakibadilishana upande, binti anakaa kwenye benchi, taulo shingoni, na kocha anapiga magoti mbele yake kwa muda usiozidi dakika moja na nusu. Viwanja ni sita, makocha hawafiki sita. Kukaa uwanja wa tatu ni kumwacha wa tano ahangaike peke yake. Uamuzi huo hautokani na jina la chuo.

Lakini hoja hii nayo ina tundu. Timu kuwa ya 15 maana yake imepoteza mechi njiani, na kocha wa njiani ni huyohuyo. Na 4-3 ni kamba nyembamba. Mwaka 2010 Stanford waliwafunga Florida 4-3 katika fainali. Mwaka 2011 Florida wakaja Stanford kwenyewe, wakashinda 4-3, mchezo wa mwisho ukiamuliwa na taibreki, mchezo mfupi wa kukata sare, ya seti ya tatu. Zile mechi 184 zikaishia hapo. Kocha hakuwa amepungukiwa na akili ndani ya miezi kumi na miwili.

Nikilazimishwa kugawa, mataji ya 2001 hadi 2006 nampa nusu yake. Yale ya mwisho nampa karibu yote: bahati haimchagui mtu yuleyule mara tatu kwa 4-3.

Kuna wanaokataa kipimo chenyewe. Danielle Collins alikuwa bingwa wa vyuo wa mmoja mmoja mara mbili, 2014 na 2016, akiwa Virginia, chuo ambacho timu yake ya wanawake haikuwa na taji la taifa. Mwaka 2022 akafika fainali ya Australian Open. Stanford ya Forood haikutoa mchezaji wa kufika huko. Ila sidhani ni haki kumdai kocha wa chuo Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Wengi wa mabinti zake watamaliza shahada na kuweka raketi kando.

Kwetu swali hili halina umbali wa kutosha kulipuuza. Angella Okutoyi, Mkenya aliyetwaa taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon 2022, alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Wapo walioona amejichelewesha, kwamba miaka ya ujana ni ya kusaka pointi za WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake. Hawataji nani angelipa nauli, hoteli na kocha wiki baada ya wiki. Chuo kilimpa viwanja, matibabu na mechi, na mwaka 2024 alirudi kutoka Accra na dhahabu ya Michezo ya Afrika.

Mzazi wa Nairobi au Arusha akiletewa barua mbili za ufadhili, orodha ya mataji ataipata kwa urahisi. Mimi ningempigia simu mchezaji wa tano wa msimu uliopita, nimuulize kocha alimfikia mara ngapi pale benchi.