Shombo si harufu mbaya tu

Juzi mwanangu kaleta daftari la Kiswahili. Swali: eleza maana ya "shombo". Alifungua kamusi, akanakili: harufu mbaya ya samaki. Mwalimu kamwekea vema. Nimelitazama lile daftari, roho ikaniuma.

Mama yangu aliuza samaki, na shombo naijua. Ni mikono iliyoparua changu asubuhi, ukaisugua kwa ndimu na majivu, na jioni ukimega ugali bado unaisikia vidoleni. Ni gilasi ya maji unayoletewa ugenini, ukaifikisha mdomoni ukairudisha, maana imeoshwa kwa dodoki lililotoka kwenye sahani ya mayai. Hapo samaki yuko wapi? Halafu samaki akioza hatusemi shombo tena. Huyo kavunda, ana uvundo. Mwenye shombo tele ni yule mbichi, aliyeshuka chomboni sasa hivi. Anayezichanganya hizo mbili, sokoni atauziwa kilichooza.

Lakini geuza kurasa uone: uvundo, harufu mbaya. Kikwapa, harufu mbaya. Kutuzi, harufu mbaya. Yaani lugha inayotenganisha kunuka na kunukia kwa irabu moja tu, kamusi yake inayafungia maneno yote gunia moja!

Haya, nakubali, mtunga kamusi ana mstari mmoja, na harufu haichoreki pembeni kama twiga. Ila angetaja mayai. Angetaja ndimu. Maneno mawili hayo, na mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kuona ngalawa angeelewa.

Wajahai, wawindaji wa misitu ya Malaysia, wana maneno kama dazeni ya harufu peke yake. Utafiti wa Asifa Majid na Niclas Burenhult wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanataja harufu kwa wepesi uleule wanaotajia rangi. Neno lao mojawapo ni la harufu ya damudamu, ile inayomvuta chui milia. Niliposoma hapo nikasema hawa tungeelewana na mama.

Kinachonitisha zaidi ni "ujusi", harufu ya mama aliyetoka kujifungua. Bibi alikuwa akiingia chumba cha mzazi, anasimama mlangoni, anavuta pumzi, kisha anaongeza ubani kwenye chetezo bila kumwuliza mtu. Pua yake ilikuwa na neno la kazi ile. Leo nikilitamka mbele ya wadogo zangu wananitazama tu. Likibaki kamusini kama harufu mbaya nyingine, basi limekwisha.

Usiku ule nikakaanga mayai, nikaosha sahani, na kwa dodoki lilelile nikaosha gilasi. Nikamjazia maji mwanangu. Akaisogeza puani, akakunja uso.

"Mama, hii ina nini?"

"Ndiyo hiyo uliyoandika."

Akanusa tena, kwa makini safari hii. Kisha akaenda kuchukua penseli, na chini ya ile vema akaongeza: na ya mayai.