Maji ya juu yanashuka kwa nani?

Mdogo wangu kanitumia picha ya ukuta wake wa mawe wa kuzuia udongo umelala chini, mara ya pili ndani ya miaka minne. Hakuandika neno, na picha ya namna hiyo inajulikana inaomba nini. Nikampigia, nikauliza kwanza kama waliacha matundu ya kutolea maji. Akajibu kuwa fundi aliona yangeharibu sura ya ukuta.

Niko Los Angeles mwaka wa tisa sasa, na muda mwingi nimefanya kazi na wapima ardhi kwenye viwanja vya mlimani. Kilichonishangaza si nyumba bali jinsi udongo unavyoshughulikiwa miezi na miezi kabla ya nyumba hata moja kuonekana. Mjiolojia anachimba mashimo kujua mwamba umelalia upande gani. Mteremko ukikatwa, kipimo cha kawaida ni futi mbili za kwenda mbele kwa kila futi moja ya kupanda. Udongo wa kujazia unamwagwa tabaka kwa tabaka, unaloweshwa, unashindiliwa, halafu unapimwa kama umefikia asilimia 90 ya mshindilio wa juu kabisa unaopatikana maabara. Usipofika, unafumuliwa. Nimeona msimamizi mzima akikaribia kulia kwa sababu ya tabaka moja. Mteremko mrefu unakatwa ngazi, na kila ngazi ina mfereji wenye mahali pa kwenda. Barabara nayo iwe na upana wa futi 20 gari la zimamoto lipite. Kiwanja hakiuzwi mpaka ramani ya mwisho ya mgawanyo wa viwanja isajiliwe, na kazi ikiwa haijaisha, mwenye mradi anaweka dhamana.

Nyumbani Tanzania tunaanzia mwisho. Kila mtu anakata mteremko wake, udongo anausukuma mbele bila kuushindilia, nusu ya nyumba inakaa juu yake. Miaka miwili baadaye ufa unapita katikati ya sebule, palepale udongo wa kukata ulipokutana na wa kujaza, na tunalaumu saruji! Maji ya mvua yanaelekezwa kwa wa chini, naye anayaelekeza kwa wa chini yake. Sheria tunazo: Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu eneo kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na miteremko mikali imo. Ila anayenunua kwa karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa hapati wa kumwambia.

Nikieleza haya naambiwa wenzetu wana hela. Hela walikuwa nazo hata walipokuwa wanajenga ovyo. Jiji hili lilitunga kanuni zake za kuchonga vilima mwaka 1952, baada ya mvua za mwaka huo kuwaletea maafa, likazikaza 1963. Mvua za 1969 zikawa mtihani. Katika viwanja vya mlimani vya kabla ya 1952, karibu kimoja katika kila kumi kiliharibika. Katika vile 11,000 hivi vilivyotengenezwa baada ya 1963, viliharibika 17.

Hata hivyo sitaki tuhamishe kitabu chote. Huku viwango hivi vimesaidia kuufanya mlima kuwa wa matajiri. Kwetu mara nyingi mlimani ndiko anakopata nafasi asiye na uwezo, na ukimdai ripoti ya mjiolojia umemfukuza. Mimi ningeanza na mtaro. Mtaro mmoja wa wote, uchorwe kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, na njia yake isijengwe na yeyote, awe mkubwa au mdogo. Hilo halihitaji maabara.

Hela ya ukuta nimetuma, kwa sharti kwamba matundu yawekwe na kwamba mdogo wangu akae na jirani wa juu wakubaliane maji yapite wapi. Matundu yamewekwa. Jirani anasema yeye maji hakuyaumba.