Munich: mji uliozaliwa kwenye ugomvi wa ushuru

Kila Juni wakazi wa Munich, kusini mwa Ujerumani, husherehekea siku ya kuzaliwa kwa mji wao. Lakini hati inayowapa tarehe hiyo, Juni 14, 1158, haizindui mji wowote. Inaamua ugomvi wa ushuru.

Chumvi ilitoka Reichenhall kwenda Augsburg, na njiani kulikuwa na mto Isar. Mikokoteni ilivukia Föhring, kwenye daraja la Otto, askofu wa Freising, na ushuru ukaingia mfukoni mwake. Heinrich, mtawala wa Bavaria aliyepewa jina la Simba, hakuambulia kitu hapo. Akataka watu wavukie juu kidogo, penye makazi yaliyojulikana kwa watawa (ndiko lilikotoka jina Munich), ili ushuru uwe wake. Simulizi iliyozoeleka inasema alilichoma moto daraja la askofu.

Alilichoma kweli? Hati ya 1158, aliyoitoa Kaisari Friedrich Barbarossa mjini Augsburg, haitaji moto wala fujo. Inasema tu kwamba soko, daraja la ushuru na upigaji sarafu havitakuwepo tena Föhring, na askofu apate theluthi ya mapato ya Munich. Tuhuma ya kuvunja inakuja katika hati ya Regensburg ya 1180, miaka 22 baadaye, Heinrich akiwa ameshagombana na Kaisari na kunyang'anywa Bavaria. Wakati huo nani angemtetea? Wanaomtetea leo wana hoja hapo.

Hata hivyo, theluthi ile inanikwaza. Asiyedhulumiwa hafidiwi. Tena Kaisari hakuwa hakimu wa mbali: Otto alikuwa baba yake mdogo, Heinrich mtoto wa mjomba wake. Alikuwa pia anajiandaa kwenda vitani Italia, na ugomvi wa ndugu wawili wakubwa nyumbani ungemgharimu. Kwangu, ukimya wa hati ya kwanza ni wa mtu anayefunika aibu ya ukoo. Moto sina hakika nao, ubabe nina hakika nao.

Kwa upande wa askofu, hasara haikuwa tupu: alipata fungu lake bila kukarabati daraja lolote. Ila Otto mwenyewe alifariki Septemba mwaka uleule, wakafaidi waliomfuata.

Mwaka 1180 Barbarossa aliamuru soko lirudi Föhring. Halikurudi. Wafanyabiashara walishazoea njia mpya, na ukoo wa Wittelsbach, uliopewa Bavaria mwaka huohuo, baadaye ukaifanya Munich makao yake. Lakini deni halikufutika: Munich iliendelea kuilipa Freising hadi 1803, kisha ikailipa serikali ya Bavaria, mpaka 1852 ilipolipa kwa mkupuo na kujikomboa.