Ikulu ya Chamwino: asili ya pwani katikati ya nchi

Ikulu ya Chamwino, mkoani Dodoma, iliyozinduliwa Mei 20, 2023 imefuata sura ya Ikulu ya Dar es Salaam: kuta nyeupe, matao na varanda. Wengi wanaisifu kwamba imeoanisha usasa na asili. Ni jengo zuri, nakubali. Lakini asili hiyo imetoka wapi? Sura ya Ikulu hiyo ya Dar es Salaam, iliyoko Magogoni, ni ya miaka ya 1920, kazi ya Mwingereza John Sinclair, aliyeazima matao ya Kiarabu ya pwani kwa makazi ya gavana wa kikoloni.

Watetezi wake wana hoja nzito. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973, na kwa miongo mingi watu walikata tamaa kwamba Serikali ingehama kweli. Mwananchi akiiona Chamwino sura ileile aliyoizoea, anaamini kuwa Ikulu imehama. Tena wanauliza: makao makuu ni ya Watanzania wote, kwa nini yavishwe sura ya tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma?

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu tembe si la Wagogo peke yao. Wahehe, Wanyaturu na Warangi nao walijenga matembe. Ni nyumba ya ukanda mzima wa kati, na iliumbwa na hali ya hewa ya huku: fupi, ili upepo wa vumbi upite juu yake, kuta za miti na udongo mnene, paa bapa la magogo, fito na udongo, linalochelewesha joto la mchana lisiingie ndani na kutunza lililobaki usiku wa baridi wa Juni na Julai. Vyumba vinazunguka ua, na mifugo inalala salama humo. Enzi za vijiji vya ujamaa, kampeni za nyumba bora ziliwafanya watu walione tembe kuwa alama ya umaskini. Tulipoteza maarifa mengi hapo.

Tembe lina udhaifu wake, nao ni mkubwa. Paa la udongo hudai ukarabati kila mara, mvua kubwa ikinyesha linavuja, na huwezi kupandisha ghorofa juu yake. Wizara yenye mamia ya watumishi haiwezi kukaa humo. Ndiyo maana sioni faida ya kubandika michoro ya Kigogo kwenye ghorofa la vioo pale Mtumba, mji wa Serikali jijini Dodoma, na kuliita la asili, huku jua likipiga vioo hivyo na viyoyozi vikinguruma mchana kutwa.

Ninachotaka kiazimwe ni utendaji wa tembe. Ua wa ndani wenye kivuli, ukuta mnene upande wa magharibi, madirisha madogo yaliyozama ndani ya ukuta: hayo yanawezekana kwa zege na matofali, na yangeanza kwenye ofisi za kata na za halmashauri huko Bahi, Kongwa na Mpwapwa, ambako bajeti ya umeme ni ndogo na ghorofa hazihitajiki.