Treni ikipita, Dumila na Kilosa zinapata nini?

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa nne hivi, safari ambayo kwa basi hula mchana kutwa. Wengi wameshafunga mjadala: reli imeleta maendeleo. Kwangu mjadala ndio kwanza unaanza, na pa kuuanzia ni Kilosa, mji wa mkoani Morogoro ulio kwenye njia ya treni hiyo.

Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 wakafika Kigoma 1914, iliipa Kilosa uhai. Katani ya Kimamba ilipakiwa kwenye mabehewa, na mji ukakua kuizunguka stesheni. Kisha barabara ya lami ya Morogoro hadi Dodoma ikapita kwingine, Dumila na Gairo, na biashara ikaifuata. Gairo, iliyokuwa sehemu ya Kilosa, ni wilaya kamili tangu 2012. Na pale Dumila, basi likipunguza mwendo tu, akina mama wanalikimbilia na ndoo za nyanya na vitunguu vichwani, bei inapatanwa dirishani, chenji inarushwa gari likiwa limeshaanza kuondoka.

Treni haina dirisha hilo. Abiria mwenye haraka na mfuko mzito ndiye anayelihama basi kwanza, na huyo ndiye aliyekuwa akinunua ndoo nzima. Isitoshe, saa nne zinamruhusu mtumishi wa Dodoma kuiacha familia Dar na kurudi kila Ijumaa. Mshahara unapatikana huku, unaliwa kule.

Wanaoitetea reli nao hawasemi ovyo. Dodoma ni mtoto wa reli hiyo hiyo ya Mjerumani, na ilipotangazwa makao makuu mwaka 1973, kuwa katikati ya nchi kwenye njia panda ya reli na barabara ya kaskazini kulichangia. Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati 2016, mji nao ukaanza kuivuta njia: bila wizara zile, treni ingejazwa na nani? Njia huzaa mji, mji ukikua hudai njia bora zaidi. Hilo silibishi.

Ninachobisha ni kuhesabu abiria peke yao. Abiria hunenepesha miji ya mwisho wa safari. Mji wa katikati hujengwa na mzigo. Mkulima wa Rudewa, wilayani Kilosa, mwenye magunia ya mpunga anahitaji ghala karibu na reli, barabara inayopitika masika, na behewa analoweza kulilipia yeye na wenzake bila kupitia kwa dalali. Vikikosekana, reli itampita kama lami ilivyoipita Kilosa, na safari hii kwa kasi zaidi.

Stesheni mpya ya Kilosa ipo, nzuri kweli kweli. Nasubiri kuona lori likishusha magunia uani pake.